Kabla ya Kuandika Mafunzo, Kaa na Wanaoifanya Kazi

Wiki hii vijana wa kikundi kimoja walinijia ofisini wakitaka niwaandikie mtaala wa mafunzo ya kuhifadhi mahindi, ili wakafundishe vijiji vya jirani kwa ada ndogo. Walitaka waondoke nao siku hiyohiyo. Nikawaambia wakae kwanza niwasimulie yaliyonipata, na leo nakusimulia na wewe, maana najua wapo wengine wenye vikundi vya ushonaji, kuku au uchomeleaji wenye wazo kama hilo.

Msimu mmoja niliandaa mafunzo ya siku tatu hapa Nyarero. Niliyaandika usiku mmoja, madaftari yangu ya diploma yakiwa mezani. Siku ya kwanza ilikuwa umuhimu wa uhifadhi, kisha dumuzi na fukusi, maumbile yao na jinsi wanavyozaliana. Siku ya pili sumukuvu. Siku ya tatu mifuko isiyopitisha hewa, na hapo ndipo watu walipochangamka, kwa kuwa ni kitu cha kushika mkononi. Ukaushaji niliupa nusu saa, mchana, watu wakiwa na njaa. Kila mtu hapa ameanika mahindi tangu utotoni, nimfundishe nini?

Baada ya miezi kama miwili mama mmoja aliyehudhuria siku zote tatu alinipigia simu niende kwake. Akafungua mfuko, harufu ya pombe ikajaa chumba. Wakati wa kuanika mvua ilimkatiza, akafunga mahindi yakiwa na unyevu, na alifunga vizuri sana, kama nilivyomwonyesha. Mifuko mitatu ya kilo 100. "Bwana shamba," akaniambia, "nimefanya kama ulivyosema."

Ni kweli, alifanya kama nilivyosema. Mfuko ule unaua dumuzi kwa kuwanyima hewa, lakini haukaushi kitu. Unyevu uliofungiwa ndani unabaki ndani. Punje nyingi zilikuwa na ukungu, nikamwomba asile wala asiwape kuku, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 tulipata vifo hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Tuliyafukia. Sikuwa na cha kumlipa.

Niliyofundisha yalikuwa kweli tupu. Kosa lilikuwa kwamba nilianza na ninachokijua mimi badala ya kuanza na kazi yenyewe. Ipo njia ya kutunga mitaala ya ufundi iliyoanzia Canada miaka ya 1960, inaitwa DACUM. Mwalimu haandiki peke yake. Anawakusanya watu wachache wanaoifanya kazi hiyo kila siku na kuifanya vizuri, wanaitaja hatua kwa hatua, na masomo yanatoka humo. Nilikuwa nimeisikia kwenye semina, nikaiandika kwenye daftari nikaisahau.

Basi nikawaita watu watano: akina mama watatu ambao mahindi yao hufika msimu mwingine yakiwa salama, mzee mmoja, na kijana anayenunua mahindi na kuyapeleka Sirari. Niliwauliza jambo moja tu: kazi hii inaanzia wapi, na ukimaliza hapo unafanya nini? Kila hatua niliiandika kwenye kipande cha katoni, tukazipanga chini. Kwangu kazi ilianzia ghalani. Kwao ilianzia shambani, kubandua punje na kutazama kitako chake kama kimeweka doa jeusi, ndipo ujue hindi limekomaa. Na kulikuwa na hatua ambayo sikuwa nayo kabisa: mvua inakuja, mahindi yako nje, nyumbani kuna mtoto tu, nani anayaanua? Hiyo peke yake walibishana karibu saa nzima. Yule kijana naye alikiri kwamba akiona mahindi hayajakauka hukata bei bila kusema kwa nini. Niliiingiza kwenye somo, anisamehe.

Kisha nikawapa kila mmoja maharage kumi ayaweke kwenye hatua ambayo ikikosewa inaleta hasara kubwa. Karibu yote yalikwenda kwenye ukaushaji, ile nusu saa yangu ya njaa.

Mafunzo mapya yakawa alasiri nne, moja kwa wiki, wakati wa mavuno, uani kwa mmoja wao. Mama hawezi kuacha mji wake tangu asubuhi, na huwezi kufundisha kuanika mwezi usio na mahindi. Dumuzi nimembakizia robo saa.

Ukiandika wako, kila somo lilenge kitendo kinachoonekana. "Kuelewa umuhimu wa ukaushaji" utakuona wapi? Andika hivi: "Mshiriki atapima mahindi yake mwenyewe na kuamua kama yafungwe au yarudi juani." Kipimo ni chupa ya glasi iliyo kavu, mahindi robo chupa, vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata bado ongeza jua, kwa sababu kwa mfuko usiopitisha hewa tunataka 13.

Vijana waliniuliza na cheti. Fundisheni, lakini msiuze vyeti. Anayetaka cheti aende VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na Tarime tunacho. Hata fundi aliyejifunzia kazini VETA humpima na kumtambua.

Mtihani wetu ulikuwa chupa tu, kila mtu na mahindi yake. Yule mama alikuja, na sikutegemea. Akatikisa, akasubiri, chumvi ikanata. Aliitazama kwa muda, hakuniuliza kitu, akaitia chupa kwenye kikapu na kuondoka, maana jua lilikuwa bado lipo.