Mchungwa wa Marehemu Baba

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba hapa Tanga na mchungwa mmoja uani. Mche wake aliununua Muheza, ukiwa umekwisha kubebeshwa. Matunda yake hayakuuzwa hata siku moja: wanafunzi wa madrasa walichuma, majirani walichuma, na ndege nao walipata fungu lao. Baba alitaraji kuandikiwa sadaka kwa kila kilicholiwa.

Mwaka wa tatu baada ya kufariki kwake, mti ulizaa matunda yenye ganda nene la mabonde, machachu mno. Matawi yakajaa miiba mirefu. Nyumbani hakuna aliyetaja uzembe wetu. Lilitajwa jina la shangazi. Ilisemwa kuwa siku ya hitima aliutazama sana mti ule, na aliyesema zaidi nilikuwa mimi. Tukaacha kumtembelea.

Siku moja alikuja rafiki wa baba, mkulima wa Muheza. Alichutama, akaondoa udongo shinani kwa mkono, akanionyesha kovu.

"Mwanangu, juu ya kovu hili ni mchungwa, chini yake ni mlimau. Twautumia mlimau kwa sababu mizizi yake ina nguvu na huvumilia ukame. Lakini chipukizi litokalo chini ya kovu ni mlimau mtupu. Likiachwa, hukua upesi na kuuzidi mchungwa. Haya mnayochuma ni malimau."

Hapo nikakumbuka. Kila Ijumaa asubuhi baba aliuzunguka mti ule, akainama na kung'oa vichipukizi vichanga kwa vidole. Mimi nilidhani anapitisha wakati tu. Nasi, baada yake, tulifagilia taka shinani hata kovu likafukiwa.

Tukakata mashina ya mlimau pale yalipoanzia. Tukaondoa udongo hadi kovu likawa wazi juu ya ardhi, kwani gamba la shina likikaa katika unyevu huoza. Samadi iliyoiva tukaitandaza mbali na shina, chini ya ncha za matawi. Tawi moja la mchungwa lililosalia, dhaifu kwa kukosa jua, likaanza kupata nguvu.

Msimu wa pili baada ya hapo tulipata machungwa machache. Niliyatia yote kikapuni nikaenda kwa shangazi. Nikamweleza nililolisema juu yake, nikamwomba radhi.

Alinyamaza kitambo. Akamenya chungwa moja, akanipa nusu.

"Chungwa la kwanza la mti ule baba yako aliniletea mimi," akasema. "Siku ile ya hitima nilikuwa namkumbuka kaka yangu."

Sasa kila Ijumaa asubuhi nauzunguka mti ule pamoja na wanangu, nao wamekwisha kujua mahali pa kutazama.