Sidii Iliyokuja na Treni

Mwaka 2005 nilikuwa nachapa barua za watu katika chumba cha steshenari hapa Tabora. Rafiki yangu akashuka kwenye treni kutoka Dar es Salaam akiwa na sidii: Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux, iliyotolewa Desemba 2004 na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi, IT+46. Nikaiweka kwenye kompyuta. Juu kabisa pakatokea Faili, Hariri.

Nilikuwa na mteja mmoja, katibu wa chama cha msingi cha tumbaku. Siku zote alisoma, nikachapa. Siku ile alivuta kiti karibu. "Mwanangu, haya nayaelewa." Msimu wa masoko uliofuata alikuwa akichapa mihtasari yake mwenyewe, kwa kidole kimoja, nami namtoza karatasi tu. Sijawahi kuona furaha kama ile mbele ya kompyuta.

Jambo ilitokana na OpenOffice.org, ambayo kampuni ya Sun Microsystems iliufungua msimbo wake mwaka 2000. Aprili 2009 kampuni ya Oracle ikatangaza kuinunua Sun kwa dola bilioni 7.4. Nilipomweleza mzee, alinyamaza kidogo.

"Wamenunua na maneno yetu?"

Hapana. Jina lilihama na kampuni, lakini msimbo ulikwishatolewa kwa leseni isiyorudishwa nyuma. Septemba 2010 wengi wa waliokuwa wakiutunza wakajitenga, wakaanzisha The Document Foundation na LibreOffice. Mwaka uliofuata Oracle ikaikabidhi OpenOffice.org kwa taasisi ya Apache. Nilimpelekea mzee habari hizo kama mtu aliyeshinda kesi.

Yeye akanisimulia habari za babu yake, mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, alisema, njia ya misafara hakuna aliyeifunga. Ilifungwa na majani.

Nilimwelewa miaka mingi baadaye, nilipofungua LibreOffice kwa Kiswahili nikakuta menyu zimejaa mabaka ya Kiingereza. Programu hukua kila toleo, na kila toleo huja na maneno mapya yanayomsubiri mtafsiri. Hata mimi, niliyefaidi kazi ya wenzangu bure kwa miaka yote ile, sikuwa nimetafsiri hata neno moja.

Nimeanza mwezi huu, usiku, duka likishafungwa. Kila neno najiuliza kama mzee angelisoma bila kuniita.