Kete na Safari

Kete ni mali ya bao. Vizazi kwa vizazi imehesabiwa shimo kwa shimo barazani, na aliyefungwa akanyanyuka akicheka, akampisha mwenziwe. Kwenye vijiwe vya Mwananyamala, Tandika na Mbagala, jijini Dar es Salaam, neno hilo limepewa kazi nyingine: ni kipakiti cha heroini kinachotoshea katika pindo la suruali. Anayefungwa kwa kete hiyo hanyanyuki akicheka.

Tuseme kijana wa Tandika, dereva wa bodaboda, amekutwa usiku na kete kadhaa. Mama yake afikapo mahakamani hasikii kwamba mwanawe alipatikana nazo. Asikia kwamba alizisafirisha. Amgeukia jirani na kumnong'oneza, "Mwanangu kasafiri lini?"

Kwa lugha ya nyumbani, swali la mama ni sahihi. Kwa lugha ya sheria, halina pa kushika. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995, imelipanua neno hilo mno: ndani yake mna kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kupeleka, na hata kuwa nazo. Mtu aweza kushtakiwa kwa kusafirisha naye hajavuka barabara.

Si ubishi wa maneno matupu. Sheria hiyohiyo ina kifungu kinachomhusu mwenye kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe, na adhabu yake ni nyepesi. Lakini atiwaye hatiani kwa kusafirisha, marekebisho ya mwaka 2017 yamemwekea miaka 30 hata kama heroini haizidi gramu 200. Ikizidi, ni kifungo cha maisha. Baina ya kitenzi kimoja na kingine, ujana mzima wapotea.

Na huko "kuwa na" nako kuna kina chake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haiishii mfukoni. Mtu huhesabiwa kuwa na kitu hata akikiweka kwa mwingine au mahali pengine, maadamu anajua. Na wenzi wakiwa wengi, mmoja akashika kwa kujua na kuridhia kwa wengine, wote wameshika. Nguzo, basi, ni kujua. Dereva aliyepewa mzigo uliofungwa, na mpangaji mwenye chumba kimoja na rafiki, utetezi wao waanzia hapo.

Wakati huohuo kuna karatasi. Upekuzi una hati yake, yenye orodha ya vilivyochukuliwa, na hutiwa saini na mwenye mahali pamoja na mashahidi. Kielelezo hufungwa kikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwani weupe wa unga peke yake si ushahidi. Katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza mnyororo huo: nani alikamata, nani alitunza, nani alimkabidhi nani. Kijana atiaye saini asichokisoma acheza na macho kayafumba.

Temeke na Kinondoni zina mlango mwingine pia. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafika Hospitali ya Mwananyamala mwaka 2012, na Temeke mwaka 2014. Huko, yule aitwaye teja mtaani huitwa mgonjwa, akapewa kikombe chake cha dawa kila siku mbele ya muuguzi. Mwili ni uleule. Jina ndilo lililobadilika, na pamoja nalo njia ya kurudi nyumbani.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo mama wa Tandika alisomewa kwa Kiswahili, na bado hakuelewa. Tafsiri imemfikisha mlangoni tu. Iliyobaki ni kazi ya kumfunza mapema maswali ya kuuliza, kabla jirani hajamjibu kwa kukisia: Shtaka ni la kifungu gani? Uzito umeandikwa kiasi gani? Hati ya upekuzi i wapi, na nani waliotia saini?