Ndege ya Mti

Kijana mmoja wa Newala alichonga kwa mti mwepesi mfano wa Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936. Upana wa ndege yenyewe ulikuwa kama futi 37. Naye kwa kila futi akapima nusu inchi.

Lakini bawa moja lilikuwa fupi, na kesho yake kazi zao zilipaswa kupelekwa Masasi. Akataka kulificha kwa rangi: juu kijani na udongo, ifanane na nchi, chini rangi ya mbingu. Babu yake, mchonga vinyago, akaitegemeza ndege kidoleni, ikainama upande.

"Mjukuu wangu, rangi hudanganya jicho tu."

Usiku ule akachonga mabawa mapya. Huko Masasi ndege yake peke yake haikuwa na rangi. Lakini kidoleni ilikaa sawasawa. Rangi aliipaka aliporudi.