Wosia kwa Vijana wa Kisangani

Wajukuu zangu wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga,

Umri wangu umefika pa kukabidhi nilicho nacho. Mali ya kugawa sina. Nawaachia habari ya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, kwa sababu wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, na waliokuwepo tunazidi kupungua.

Majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia Kongo mwaka 1998 yakiwa marafiki, yote yakiwaunga mkono waasi wa RCD. Mwaka uliofuata waasi wakagawanyika. Wa Goma wakabaki na Rwanda. Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaegemea Uganda. Mji wetu wa almasi ukawa wa kugombaniwa. Majeshi hayo mawili yalipigana Agosti 1999, yakarudia Mei 2000, kisha ikaja Juni.

Waganda walikuwa upande wa kaskazini, ng'ambo ya daraja la mto Tshopo. Wanyarwanda walikuwa mjini. Makombora zaidi ya 6,600 yakapita juu ya vichwa vyetu, na mengi hayakupita, yalitua. Watu walilala chini ya vitanda na watoto wao, bila maji wala umeme. Aliyekufa alizikwa uani, maana njia ya makaburini ilikuwa njia ya risasi. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia wapatao 760 waliouawa, majeruhi 1,700 hivi, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomoka au kuharibika. Hata kanisa letu kuu lilipigwa. Na hapakuwa na jeshi hata moja kati ya hayo mawili lililokuwa la Kongo!

Lakini wanangu, msiishie kuwalaani wageni. Wageni walipata wenyeji wa kuwapokea. Walikuwepo Wakongo wa kuwaonyesha njia, Wakongo wa kuwatilia sahihi, Wakongo wa kuwauzia almasi. Hao hawakuhukumiwa, na wengine walipewa vyeo amani iliposainiwa. Jambo hilo linaniuma kuliko makombora yenyewe.

Haki imekuja kwa kuchechemea. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1304, liliyataka majeshi yote mawili yaondoke Kisangani na kusema nchi hizo zilipe fidia. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaikuta Uganda na hatia. Rwanda haikuweza kuhukumiwa, kwa kuwa mwaka 2006 mahakama hiyo ilisema haina mamlaka juu yake katika shauri letu. Februari 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Kabla ya hukumu hiyo, walemavu wa vita hivyo walikuwa wameshapanda boti na magongo yao, wakashuka mto hadi Kinshasa kudai chao. Mtengeneza filamu Dieudo Hamadi akawarekodi. Watu waliokatwa miguu ndio waliotembea kwa niaba ya mji mzima.

Kwa hiyo nawausia. Kila familia iandike majina ya wafu wake, mahali walipoangukia na mahali walipozikwa, na nakala mkaiweke parokiani au msikitini. Fedha za fidia zifuatilieni kwa karatasi, senti kwa senti, na kiongozi atakayezigusa mumtaje hadharani, hata akiwa mjomba wenu. Mfanyabiashara wa Kinyarwanda au wa Kiganda anayekuja sokoni kwenu hana deni hilo, msimguse.

Na ninyi wa Lubunga. Tangu Februari 2023 watu wa jamii za Wambole na Walengola wamechinjana kwa ajili ya ardhi, katika mji huu huu, bila mgeni yeyote kuwashikia mkono. Nawasihi kwa jina la wale tuliowazika uani: wekeni mapanga chini, na mzozo wa ardhi upelekeni mbele ya wazee na mahakama, mwaka huu huu.