Mlango wa Shangazi, Tanga

Dada,

Tanga nimefika salama. Safari si mbaya hadi Chalinze. Kutoka hapo miguu ilianza kuvimba. Muheza nilinunua machungwa ya dirishani, na shangazi ameshayamaliza, kwa hiyo usiyasubiri.

Unajua nimeingilia wapi? Uani, kupitia jikoni, nikiwa na begi kichwani. Mlango wa mbele umegoma tangu masika. Shangazi ameshanunua kitasa kipya, kimelala kabatini ndani ya boksi lake, anangoja fundi tu.

Fundi akaja, mzee seremala wa mtaa wa pili, mtu wa maneno machache. Boksi hakuligusa. Aliniambia niuinue mlango kwa kushika mkono wa kitasa huku naye akizungusha ufunguo. Ukafunguka! Kisha, mlango ukiwa wazi, akazungusha tena: ulimi unatoka na kuingia bila shida yoyote. "Kitasa kizima," akasema. "Mlango ndio umelala."

Akapaka masizi ya sufuria kwenye ulimi, akaufunga mlango, akajaribu ufunguo. Alama ikabaki kwenye bamba la mwimo, chini kidogo ya tundu. Kumbe skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zinacheza, na mbao imevimba kwa mvua na unyevu wa bahari. Akajaza matundu kwa njiti za kiberiti na gundi, akatia skrubu ndefu zaidi, akalitanua tundu la bamba kwa tupa. Shangazi alitaka ubavu wa mlango upigwe randa. Mzee akakataa kabisa. Kaskazi ikija na ukavu wake, alisema, mbao itasinyaa na utabaki na upenyo wa kuchungulia wapita njia. Nilimpenda hapo. Mafundi wengi wangeranda, wangeweka kitasa kipya na kulipwa kwa yote mawili.

Sasa, mafuta. Shangazi amekuwa akimimina mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo! Yanalainisha siku chache, halafu yanaganda na kunasa vumbi. Mzee alikitoa kitasa chote, akakisafisha kwa mafuta ya taa, akakianika kikauke, kisha akasaga ncha ya penseli na kuupuliza unga wake ndani. Ile nyeusi ya penseli ni grafaiti: inateleza ikiwa kavu, wala haishiki vumbi kama mafuta.

Kwa hiyo ule mlango wako wa chumbani huko Dodoma unaokwama, kabla hujamwita mtu, zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka vizuri, kaza bawaba kwanza. Ukikwama hata hapo, basi ni kitasa chenyewe: uchafu, au springi imekatika.

Dukani wamekubali kukipokea kitasa kipya, ila hela hawarudishi. Shangazi achukue kitu kingine cha bei hiyo. Ameshachagua rangi ya kijani. Ya mlango huohuo. Na mpakaji, naona, ni mimi.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako