Nyuso 24 Mkekani

Sisi tuliolelewa kwa vitendawili hatuhitaji kufundishwa raha ya kukisia. Mmoja hutega, mwenzake hutegua, na anayeshindwa hutoa mji. Mchezo wa wiki hii ni jamaa wa mbali wa kitendawili, ingawa ulitujia ndani ya sanduku la karatasi ngumu. Jina lake ni Guess Who?, uliobuniwa na Theo Coster na mkewe Ora, ukaanza kuuzwa mwaka 1979. Hapa nyumbani kwetu Kisumu watoto huuita Nadhani Ni Nani.

Wachezaji wawili huketi wakielekeana. Kila mmoja ana ubao wenye picha 24 zilizosimamishwa, na kadi moja ya siri asiyoiona mwenzake. Huulizana kwa zamu maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au siyo tu: ana miwani? ana kofia? Kila jibu likitoka, nyuso zisizohusika hulazwa, mpaka asimame mmoja. Ajuaye kuligawa kundi nusu kwa nusu kila mara hahitaji maswali zaidi ya matano. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja aligundua kabla yangu kwamba katika seti ya zamani wanaume ni 19 na wanawake ni 5, hivyo anayepewa kadi ya mwanamke, swali moja tu humwacha na wanne wa kujificha nyuma yao. Alilileta kwangu kama shitaka, nami nikaona ana haki.

Wapo watakaouliza hukumu ya mchezo wenyewe. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walikaza sana juu ya dadu, na juu ya sataranji wengi wao waliishia kwenye karaha, madhali hapana kamari wala kupitwa na Sala. Mchezo huu hauna dadu wala dau. Adhana ya Isha ikilia tunauacha ulivyo, nyuso zikiwa zimelala nusu.

Lililonishughulisha ni jingine. Mji huu ulikua baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, wakati huo ukiitwa Port Florence, na tangu hapo umekusanya watu: Wajaluo wenye ardhi, Waluhya, Wahindi, Wanubi wa Kibos, Wakikuyu wenye maduka, na sisi tuliotoka pwani. Mimi ni mtu wa Lamu. Mke wangu ni Mjaluo aliyesilimu kabla sijamjua. Watoto wetu huulizwa sokoni Kibuye ni wa wapi, na muulizaji huwa amekwisha kukisia kwa pua na rangi kabla hawajafungua kinywa.

Kwa kuwa sura za ndani ya sanduku hazikufanana na mtu yeyote wa mtaani kwetu, watoto walikata maboksi wakatengeneza kadi zao, majina 24 ya watu tunaowajua. (Niliomba yaandikwe majina bila kuchorwa sura, katika hilo mimi ni mtu wa zamani.) Yupo muuza omena, yupo kijana wa bodaboda, yupo mwalimu wa chuo, wapo wajomba na mashangazi.

Swali la kwanza la mdogo wao lilikuwa, "Ni Mjaluo?" Kaka yake alikuwa ameshika kadi ya mjomba ambaye mama yake ni Mjaluo na baba yake Mnubi. Akanyamaza, kisha akasema, "Ndiyo na siyo." Ukazuka ugomvi, maana mchezo hauruhusu jibu hilo. Mama yao akaamua kwamba lisiulizwe tena kabila wala umbo, yaulizwe matendo. Basi wakauliza: huamka kabla ya alfajiri? amewahi kutukopesha? amekula kwetu? Hilo la mwisho halikumlaza mtu hata mmoja, wakalifuta kwa kuwa halina faida. Mke wangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

Mimi siku hiyo niliwasomesha Surat al-Hujurat. Sura moja yenye aya 18 imebeba amri ya kuhakikisha habari, katazo la dhana nyingi, na kuumbwa kwetu mataifa na makabila ili tujuane.

Kadi ya 24 aliiandika mke wangu. Ni ya fundi cherehani Mkikuyu, jirani yetu, aliyezaliwa mji huu na kukisema Kijaluo vizuri kunipita mimi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya nzima walikufa watu zaidi ya 1,100. Hapa maduka yalichomwa, na mtu alijulikana adui kwa jina lake la pili. Fundi aliondoka kwa lori na cherehani moja. Watoto hawakumwona kamwe, wanamjua kwa masimulizi ya mama yao.

Juzi mke wangu aliishika kadi hiyo. Mdogo akauliza, "Anaishi Kisumu?" Mama akajibu, "Siyo." Akauliza tena, "Atarudi?" Kaka yake akamkumbusha kwamba maswali ni ya ndiyo au siyo. "Hili ni la ndiyo au siyo," akasema, akabaki akimtazama mama yake, na kadi zilizosimama mbele yake zilikuwa bado tatu.